Maua Yasiyoomba Maji

Kuna ugonjwa mmoja katika shule, vyuo na ofisi zetu ambao haujapata daktari. Ugonjwa huo ni kupanda nyasi na maua ya nchi za mvua katika ardhi isiyo na mvua, kisha kuwatuma watoto wa watu wakayanyweshe. Nimeutazama ugonjwa huu kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa, kisha mkuu wa shule, na mwishoni mkufunzi katika chuo cha ualimu. Sasa nimevuka umri wa miaka sabini, nimestaafu, sina wa kuniandikia barua ya karipio. Kwa hiyo nitasema.

Nianze na hesabu, maana mwalimu hata akistaafu hesabu haimwachi. Hapa Dodoma tunapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu hufungwa. Sasa milimita moja ya maji juu ya mita mraba moja ni lita moja kamili. Kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuthibitisha. Jua na upepo wa kiangazi vikinyonya milimita tano kwa siku, bustani ya nyasi yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 itadai lita 1,000 kila siku ili ibaki kijani. Hizo ni ndoo 50 za lita 20. Zidisha kwa siku 210 za kiangazi, utapata ndoo 10,500. Ndoo elfu kumi na mia tano, ndugu msomaji, kwa ajili ya kitu kisicholiwa na mtu wala ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe akionekana hapo hufukuzwa kwa mawe.

Bila shaka utaniambia hakuna shule inayomwaga ndoo 50 kwa siku. Ni kweli. Inamwaga kumi, nyasi zinakufa hata hivyo, na mwaka unaofuata zinapandwa tena. Huu ndio msiba wenyewe: jasho linatoka na kijani hakionekani.

Na jasho hilo ni la nani? Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, ambacho sitakitaja, wanachuo walikuwa na zamu ya maua. Zamu ilianza alfajiri pampuni, na foleni ilikuwa ndefu kwa sababu kijiji nacho kilitegemea pampu hiyo hiyo. Kipindi changu kilikuwa cha kwanza asubuhi. Niliweka daftari la mahudhurio kwa muhula mzima, nikaona kwamba waliokosa kipindi au kuchelewa karibu wote walikuwa wa zamu, na wengi wao walikuwa wasichana, kwani wavulana walikwisha kujua namna ya kuwasukumia kazi hiyo. Nilipeleka daftari lile kwa uongozi. Nikaambiwa kwamba mazingira mazuri ni sehemu ya malezi. Baada ya wiki tatu walikuja wakaguzi, wakasifu maua, wakaondoka. Hakuna aliyeomba kuliona daftari.

Wapo watakaoniambia kwamba ninapinga kazi za mikono. La hasha. Mimi ni mtoto wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka ule wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967 ulitaka shule ziwe na mashamba na kazi iwe sehemu ya elimu, na mimi nimelima na wanafunzi wangu mtama, mihogo na mboga, tukala jasho letu. Lakini kuna kazi inayofundisha na kazi inayochosha tu. Mtoto anayelima mtama anajifunza udongo, mvua, mbegu na hesabu ya mavuno. Mtoto anayebeba maji kuyapeleka kwenye nyasi zitakazokufa anajifunza jambo moja tu, kwamba wakubwa hawafikiri. Na hilo, kwa bahati mbaya, halisahau.

Basi nipande nini, utauliza, shule ikae uchi kama jangwa? Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Nchi yetu imejaa mimea inayopendeza wakati wa kiangazi bila kumsumbua mtu. Ni ile mimea yenye majani au mashina manene, inayoweka maji ndani ya mwili wake kama mtu mwenye busara anavyoweka nafaka ghalani. Mimi huiita mimea ya akiba, kwa kuwa akiba haiozi. Humo mna mishubiri, mna minyaa, mna katani za porini, mna jamaa ya Kalanchoe, na lile ua lenye shina nono lijulikanalo kwa jina la waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium.

Tena mimea hii si migeni wala si ya kuombaomba. Imetupa hata majina ya nchi. Ziwa Manyara limepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai la mnyaa, ule mti usio na majani wenye vijiti vya kijani, unaozungushiwa boma. Bonde la Oldupai, ambako dunia nzima huja kutafuta mababu wa binadamu, limepata jina lake kutokana na katani ya porini iotayo pale. Mgeni akasikia vibaya akaandika Olduvai, na sisi tukaimba vile vile kwa miaka mingi. Fikiri jambo hilo. Wenzetu waliotangulia waliona mimea hii ni ya maana hata wakaiita nchi kwa jina lake. Sisi tuliosoma tunaing'oa ili tupande nyasi.

Na wageni wameiona thamani tusiyoiona sisi. Mnyaa uleule wa boma la ng'ombe, katika aina yake yenye ncha nyekundu na za rangi ya chungwa, unauzwa Marekani na Ulaya katika vyungu, kwa jina lenye maana ya vijiti vya moto. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za kiua kidogo cha zambarau cha milima ya Usambara. Leo kiua hicho kiko madirishani duniani kote, na watoto wetu hawakijui. Kile si mmea wa akiba, bali ni mmea wa kivuli na unyevu, lakini hadithi ni ile ile. Mwaka uliofuata, 1893, Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yaliyolisha uchumi wa Tanganyika kwa miongo mingi. Mkonge nao ni mmea wa akiba. Ungekuwa unadai ndoo asubuhi na jioni, usingetufaa kitu.

Sasa tuje kwenye rangi, kwa sababu wapinzani wangu husema mimea hii ni ya kijani iliyofifia, haipendezi. Husema hivyo kwa kuwa wameiona mahali pasipostahili, yaani kibarazani, chini ya kivuli, ndani ya kopo la rangi lisilo na tundu, ikinyweshwa kila asubuhi na mama mwenye huruma. Mmea wa akiba unaodekezwa hivyo hurefuka ovyo, hulegea, hupauka, kisha huoza shingoni. Utoe nje, uweke juani, uupunguzie maji, nawe utaona. Ifikapo Juni na Julai, wakati wa kipupwe, mchana jua kali na usiku baridi, mshubiri uliokuwa wa kijani huanza kuwa mwekundu, tena wekundu wa shaba, kuanzia nchani. Kalanchoe huwa na kingo nyekundu kama zimechorwa kwa kalamu. Mvua za Desemba zikija, vyote hurudi kuwa kijani. Hakuna uchawi hapo. Jani linapopata jua zaidi ya linavyoweza kulitumia, hutengeneza rangi za kujikinga, kama mtu anavyojifunika kanga kichwani saa sita mchana. Baridi na ukame huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo kiangazi, ambacho kwa nyasi ni kifo, kwa mimea hii ndicho kipindi cha kuvaa nguo za sikukuu.

Maua nayo huja katika majira hayo hayo. Mishubiri yetu mingi huchanua wakati wa ukame: mikungu myekundu, ya chungwa, ya manjano. Mmoja wapo, Aloe secundiflora, hupanga maua yake upande mmoja wa kila tawi. Mwingine, Aloe lateritia, mwenye madoadoa majanini, amepewa jina la Kilatini lenye maana ya rangi ya tofali. Waridi la jangwani huangusha majani yake yote kwa ukame, kisha kwenye matawi matupu likatoa maua ya waridi. Na ndege chozi, ambaye katika nyasi hapati kitu, huja kwenye mshubiri tangu asubuhi kunyonya asali.

Zaidi ya hayo, humo mna somo. Mimea ya kawaida hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji yake hupotea kwa joto. Mimea mingi ya akiba hufanya kinyume. Hufunga milango mchana, hufungua usiku kukiwa na ubaridi, huvuta hewa ile na kuihifadhi katika umbo la asidi, kisha mchana, milango ikiwa imefungwa, huitumia kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mtaalamu aitwaye Benjamin Heyne aliyekuwa India aliligundua jambo hili kwa ulimi wake. Katika barua aliyoiandika mwaka 1813 alieleza kwamba jani la mmea mmoja wa jamaa ya Kalanchoe huwa chachu asubuhi, na kufika adhuhuri uchachu umekwisha. Hakuhitaji maabara. Shule isiyo na darubini, isiyo na umeme, inaweza kurudia jaribio lake kwa karatasi ya litimasi na majani yaliyopondwa alfajiri na mchana. Nasema litimasi wala si ulimi, kwa sababu majani ya jamaa hiyo mengi yana sumu, na mtoto hapaswi kuyatafuna. Je, nyasi zitamfundisha nini mwanafunzi wa biolojia, ila kwamba zimekauka?

Hoja nyingine ninayoipata mara kwa mara ni ya makaburi. Jirani yangu mmoja, mtu mwema, alipopita langoni kwangu akaona mishubiri imepangwa mistari miwili, alisimama akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Samahani, lakini haya si majani ya makaburini?" Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza kwa nini anadhani wazee walichagua mmea huo kupanda makaburini, jambo ambalo kweli hufanyika katika sehemu kadhaa za nchi. Akasema hajui. Nikamwambia: kwa sababu makaburini hakuna wa zamu. Walitafuta mmea utakaokumbuka hata ndugu wakisahau, utakaobaki hai bila ndoo ya mtu. Huo si mkosi. Ni sifa ambayo hakuna ua jingine la bustanini limepewa. Alicheka. Mwezi uliofuata aliomba machipukizi matano.

Hoja ya nyoka nayo haina mguu. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata uchafu na vichaka. Safisha chini ya mishubiri kama unavyosafisha chini ya ua jingine lolote.

Hoja ya sumu ni ya kweli, na mtu mkweli haifichi. Utomvu mweupe wa mnyaa huunguza ngozi, na ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu kali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao sumu itokanayo na mmea huo. Basi usipande hiyo miwili kwenye uwanja wa watoto wadogo. Iweke mbali, ikatwe na mtu mzima mwenye kujua, anawe mikono. Pale wanapocheza watoto weka mishubiri. Lakini mtu asitumie hoja hii kutetea maua yake ya kigeni, kwa maana oleanda, ambayo imepandwa mbele ya ofisi nyingi, ni sumu kuanzia jani hadi mzizi, na sijasikia mtu akiipigia kelele.

Nina ugomvi pia na upande wa pili, wale waliokwisha kuipenda mimea hii kupita kiasi. Wako wanaokwenda porini na jembe wakang'oa mishubiri mikubwa kwa gunia ili kupamba geti la nyumba mpya. Huo ni wizi. Mishubiri yote, isipokuwa ile Aloe vera ya madukani ambayo asili yake ni Uarabuni, imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Afrika Kusini, tangu mwaka 2019 hivi, imekamata mimea midogo ya akiba kwa mamia ya maelfu iliyong'olewa kwa magendo kwenda kuuzwa ng'ambo. Tusingoje yatufike. Mshubiri mmoja huzaa machipukizi, na mmea mmoja wa jirani unatosha kuanzisha bustani. Vile vile tusipande dungusi. Wakenya wa Laikipia wanajua, kwani dungusi mmoja wa kigeni ameteka malisho yao, na mifugo inaumia kwa miiba yake. Mmea usioomba maji ni rafiki, mradi usiwe mnyang'anyi.

Nitasema kwa ufupi namna ya kupanda, ili mtu asidai kwamba nimelaumu bila kuonyesha njia. Panda Aprili mwishoni au Mei, mvua zikimalizika, mizizi ishike katika unyevu uliobaki. Inua tuta kiasi cha sentimita 20 au 30, uchanganye udongo na mchanga mkavu wa mtoni nusu kwa nusu, na chini uweke kokoto. Tawi au chipukizi likikatwa, liache kivulini siku tano hadi saba, kidonda kikauke, ndipo ulipande. Ukilipanda bichi litaoza. Mmea uliotoka kivulini usiutupe juani siku moja, utababuka. Uzoeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Usimwage samadi nyingi, kwa maana utapata unene wa kijani bila rangi. Kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kila wiki mbili au tatu, tena maji yazame, kisha uache udongo ukauke kabisa. Kiangazi cha pili ukiona mkono unakuwasha kumwagilia, shika kitabu usome.

Sisemi kila kitu kijani kifukuzwe. Miti ya kivuli ni lazima, na mboga za jikoni zinastahili kila tone. Hapo ndipo maji yaende. Kila ndoo inayokombolewa kutoka kwenye nyasi ni ndoo ya mchicha, ya kunawa mikono, ya kupikia uji, au ni ndoo ambayo haikubebwa kabisa na msichana aliyekuwa darasani wakati ule, kalamu mkononi.

Maneno yangu ya mwisho ni kwa wakuu wa shule na vyuo, wenzangu ambao bado mna funguo za ofisi. Najua mnavyoogopa mgeni rasmi. Najua mawe yanavyopakwa chokaa Ijumaa, na miche ya kukodi inavyochimbiwa na mifuko yake Jumapili, ili Jumatatu gari likiingia getini pawe pazuri. Mgeni rasmi akiondoka, miche inarudi kwa mwenyewe au inafia pale pale. Watoto wanaona yote hayo. Wanajifunza kutoka kwenye udongo ule mbele ya ofisi yenu zaidi ya wanavyojifunza kutoka kwenye hotuba zenu za asubuhi.

Mwaka huu mvua zikikatika, ombeni machipukizi 30 ya mshubiri kwa wazazi. Hayana bei. Yapandeni pale nyasi zilipokufa, wafundisheni wanafunzi kwa nini yanakuwa mekundu, na futeni zamu ya maua katika ratiba. Kisha anzeni nanyi kuweka daftari la mahudhurio ya kipindi cha kwanza. Mkaguzi akija akauliza nyasi ziko wapi, mpeni daftari hilo alisome.